Hamdan, Mwombea Watu Afu

Shemeji yangu Hamdan amechoka. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akamtazamia ushujaa. Ni mtu wa miaka sabini na ushei, ana sukari, ana goti lisilokunjika sawasawa, na jicho lake la kushoto limefanya ukungu hata dada yangu Khole akamfichia funguo za gari. Alifanya kazi serikalini katika bohari ya ofisi moja, akigawa viti, karatasi na mashine za kupoza hewa, mpaka alipostaafu. Kazi hiyo haikumchosha. Iliyomchosha ni ile asiyoiomba wala kulipwa, kazi ya kwenda kuwaombea watu afu, yaani msamaha wa damu.

Hapa Maskati mtu akiua mwenzake, kwa kusudi au kwa ajali, serikali ina haki yake na wafiwa wana haki yao. Ya serikali ina mahakama yake, hatuiingilii. Ya wafiwa ndiyo inayotutoa majumbani. Wanaume wenye ndevu nyeupe huvaa kanzu zao nzuri, hushika bakora, wakaenda kwa wafiwa kuomba msamaha kwa niaba ya aliyekosa. Wakisamehewa, mahakama hulitazama jambo kwa jicho jingine. Na siku hizi mji umejaa Wakenya na Waganda, basi kila ukoo wenye shida na Mwafrika humtafuta mtu mwenye Kiswahili, na asiwe kijana, awe na mvi. Hamdan ana vyote viwili. Alizaliwa Shinyanga, dukani kwa baba yake, akaja huku akiwa kijana na Kiswahili chake cha bara, na mpaka leo Khole, ambaye kwao Unguja, hajachoka kumcheka nacho.

"Ati 'mimi ninaenda'!" humwambia. "Sema nnakwenda. Miaka yote hii nnakusomesha bure."

Alipoanza kazi hii alikuwa na kitu kimoja kilichompa nguvu. Shehe mmoja wa zamani alimfundisha kwamba mwenye kusuluhisha baina ya watu hahesabiwi mwongo. Akifika kwa mmoja akampelekea neno jema ambalo mwenzake hakulisema, hana dhambi, ana thawabu. Hamdan akalishika fundisho hilo kwa mikono miwili. Mfiwa akitukana, yeye hufasiri kwamba mfiwa ana uchungu. Mkosaji akikaa kimya kwa kiburi, yeye husema ameshindwa na aibu. Nimefuatana naye mara nyingi kwa sababu mimi ndiye dereva wake tangu jicho liharibike, na lugha zote mbili nazijua, kwa hiyo nimeisikia asali yote aliyoitia. Mara nyingine nilitoka nje kwa kicheko. Mkenya mmoja alimwita mtu shetani, shemeji akasema kwa Kiarabu, "Anasema huu ni mtihani."

Basi kicheko kilikwisha mwaka juzi, katika soko la Matrah. Tulikuwa tukitafuta kitambaa cha Khole, akatusimamisha mama mmoja wa Mombasa. Mumewe aliuawa na mwenzake wa kazini katika ugomvi, na Hamdan ndiye aliyekwenda kumwombea muuaji. Mama alisamehe. Akamshika shemeji mkono, akamwambia kila akiamka humshukuru Mungu kwa machozi ya yule mtu. "Uliniambia alilia kama mtoto," akasema. "Hayo machozi ndiyo yananilaza usiku. Alilia kweli, mzee?" Yule mtu hakulia hata kidogo. Aliuliza tu atatoka lini. Hamdan akamtazama yule mama, akasema, "Alilia."

Njiani aliniambia kwamba uongo wa kwanza ulikuwa wa suluhu, lakini huu wa pili hajui ni wa nini. Suluhu ilikwisha zamani. Tangu siku hiyo hakupenda tena kuitwa, na akiitwa husema anaumwa goti. Goti kweli linamuuma, kwa hiyo hapo hakuna uongo.

Alipopiga simu Badr, mwezi wa pili mwaka huu, goti halikumsaidia. Badr ni mtu wa Qantab, mwenye sauti nzito na jamaa wengi. Mtoto wa kaka yake, Hatem, alimgonga kwa gari kijana wa Kikenya katika barabara ya mlima inayoteremkia kijijini kwao, alfajiri, yule kijana akienda kazini kwa miguu. Akaondoka. Kijana aliokotwa na wapita njia, akafia hospitali. Hatem alikamatwa kesho yake, akafungwa, na sasa rufaa yake ilikuwa karibu kusikilizwa. Wakili aliwaambia kwamba wafiwa wakiiachia haki yao, huenda mtoto akapunguziwa. Wasipoiachia, atakaa ndani miaka.

"Nimechoka, ya Badr," shemeji alimwambia kwa Kiarabu. "Watafute vijana."

"Kijana hawezi kuomba afu ya damu," Badr akajibu. "Na sisi Kiswahili hatukijui."

Khole alikuwa akimsikiliza huku akichambua mchele. "Usende," akasema. "Mie nshakwambia, watu hawa hukuchukua ukiwa mzima, wakakurudisha mgonjwa. Kwani we ndo uliyegonga?"

Akaenda. Mimi nilimuuliza kwa nini, akanijibu kwamba aliyefungwa ni mtoto wa mtu, na aliyekufa ni mtoto wa mtu, na hakupata usingizi alipowafikiria wote wawili. Mjumbe hauawi, wamesema wahenga. Hawakusema kama huchoka.

Aliyekufa aliitwa Sammy. Alikuwa mpishi msaidizi katika hoteli moja upande ule wa Qantab, na ndugu yake pekee mjini hapa ni dada yake Nyambura, msusi katika saluni ya wanawake mtaa wa Khuwair ya Kusini. Mama yao yuko Nyeri. Mama alikwisha kusema kwa simu kwamba neno la Nyambura ndilo neno lake, akisamehe wamesamehe, akikataa wamekataa. Kwa hiyo haja yote ya ukoo mzima wa Qantab ilikuwa mikononi mwa msichana mmoja anayekaa chumba cha kushirikiana, ghorofa ya tatu, nyuma ya maduka.

Tulikwenda baada ya sala ya alasiri. Tulikuwa Badr, wazee wawili wa kijiji chao, shemeji, mimi, na Khattab, baba yake Hatem. Huyu Khattab alikuwa mtu mwembamba, mnyamavu, aliyepanda ngazi nyuma yetu sote. Sebule yenyewe ilikuwa pia chumba cha kulala, kitanda kimesukumwa ukutani na kufunikwa shuka jipya. Nyambura alikuwa amevaa sare ya saluni bado, vidole vina madoa ya rangi ya nywele. Mwenzake wa chumba, Maureen, alituletea chai ya maziwa katika vikombe vikubwa, na mandazi, na ndizi zilizokatwa. Ilionekana wazi kwamba walihangaika.

Kila mmoja wetu akapokea kikombe chake na kukiweka chini. Hakuna aliyekinywa. Mwomani yeyote aliyesoma hapa ameshaelewa, lakini Nyambura hakuelewa, na kosa ni letu, kwani hakuna aliyefikiria kumwambia. Mtu akienda na haja nzito kwa mwenye nyumba, hagusi kinywaji cha nyumba mpaka haja yake ipokelewe. Ni heshima. Kikombe kilichowekwa chini ni kama kupiga magoti. Badr akaanza salamu ndefu, na ile chai ikaanza kufanya utando juu, na uso wa Nyambura ukaanza kubadilika. Alikuwa akivitazama vikombe kimoja kimoja.

"Mzee," akamwambia Hamdan, akimkatiza Badr katikati ya sifa za Mungu. "Hawa watu mbona hawagusi chai yangu? Ni juu mimi ni Mkristo, ama wanaogopa nimeweka kitu?"

Shemeji akashtuka. Akamweleza desturi.

Nyambura akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo mmekuja kwa nyumba yangu kugomea chai yangu mpaka niseme ndiyo," akasema. "Kwetu mtu akikataa chai kwa nyumba ya matanga, tunajua ako na kitu kwa roho. Waambie wakunywe. Wakikataa, mlango ndio huo, waende tu."

"Binti anasema nyumba yake ni nyumba yenu," Hamdan akafasiri kwa Kiarabu, "na anaomba mmkirimu kwa kunywa." Neno la mlango lilikuwa limeanguka njiani.

Badr akatikisa kichwa. Hawezi kunywa, akasema, akinywa amerudi mikono mitupu. Wale wazee wawili wakakubaliana naye. Tulikuwa tumekwama hapo, wanaume sita tunagombana na chai, nami nikaona haya kwa niaba yetu sote. Ndipo Khattab akanyoosha mkono, akachukua kikombe chake, akanywa. Alikunywa chote, bila kupumzika, akakirudisha chini. Badr alimtazama kama aliyeona mtu anavua kanzu msikitini. Lakini Nyambura akakaa, akakunja mikono, akasema, "Sawa. Huyo mmoja amekunywa. Ongeeni."

Badr akaongea. Sitamsengenya, aliongea vizuri. Alisema kila ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na kwamba ajali ya Sammy iliandikwa kabla hajazaliwa. Alisema anayesamehe hapungukiwi kitu, bali Mungu humzidishia hadhi. Alisema kifungo hakimrudishi maiti, kinamzika na mtu wa pili. Hamdan akamfasiria yote, na hapo hakuhitaji kuongeza asali, maana Badr alikuja nayo mwenyewe.

Nyambura akaanza kujibu taratibu, akiutazama mkono wake.

"Hayo nimeyasikia," akasema. "Hata kanisani mchungaji ameniambia, usiposamehe na wewe hutasamehewa. Wamama wa maombi wamekuja hapa mara ngapi? Kwa saluni, madamu wananiambia, Nyambura, samehe, Mungu anapenda. Kila mtu ako na Mungu wake, na kila Mungu anatumwa kwangu. Mimi ndio nimeulizwa. Mimi ndio nifanye kitu kizuri. Huyo kijana Mungu amemuuliza nini? Mimi sijagonga mtu. Mbona ni mimi nasumbuliwa?"

Maureen, aliyesimama mlangoni pa jikoni, akasema, "Kweli," kisha akajificha.

 Shemeji akageuka kwa Badr. "Anasema ameyasikia," akafasiri, "na kwamba dini yake pia inahimiza msamaha, na moyo wake ni mzito."

"Mzee." Nyambura hakupandisha sauti. "Mimi nimesema maneno mengi. Wewe umesema kidogo. Kiarabu changu ni cha saluni, lakini najua kusikia kitu kikikatwa. Hujasema habari ya kanisa. Hujasema nasumbuliwa. Ukitaka kukaa hapa, sema yote. Ama nitafute mtu mwingine aseme."

Nimemjua Hamdan miaka mingi, na sijawahi kumwona akishikwa. Uso wake uligeuka wa mtu mzee kuliko alivyo. Angeweza kujitetea. Ana fundisho lake, ana shehe wake, ana watu wengi waliopatana kwa ulimi wake. Hakulitaja hata moja.

"Niwie radhi, mwanangu," akamwambia. "Nimezoea vibaya."

"Basi sema."

Akasema. Akamgeukia Badr na wale wazee, akawapa maneno yote kwa Kiarabu, la mchungaji, la wamama wa maombi, la madamu wa saluni, la kila Mungu kutumwa kwake yeye. Mzee mmoja akasema astaghfirullah kwa ukali. Badr akakunja uso. Khattab alikuwa ameinama tu. Mimi niliona aibu, na pamoja na hiyo aibu nilihisi kitu kama raha, maana ilikuwa mara ya kwanza kusikia katika kikao cha namna ile neno likavuka chumba likiwa zima.

Kisha Nyambura akaliweka lile lililokuwa moyoni mwake. "Mwambie huyu anayesema kadari," akasema. "Kumgonga, sawa. Giza, mlima, kona. Pengine hata mimi ningegonga. Hiyo ni ya Mungu na sina maneno na Mungu. Lakini daktari aliniambia Sammy aliokotwa akiwa hai. Alikaa kwa barabara. Aliita mtu. Huyo kijana alisimama, polisi waliona alama za gari kusimama, akashuka, akamwona, akarudi kwa gari akaenda. Kumgonga ni kadari. Kumwacha ni yake. Kwa kumgonga nimesamehe kitambo, hata msingekuja. Kwa kumwacha, sina msamaha, na sioni wa kumpa."

Hamdan akafasiri, neno kwa neno, polepole. Alipofika kwenye kumgonga na kumwacha, alirudi nyuma, akaanza upya.

Badr akafungua kinywa. Hakuwahi, kwa sababu Khattab alimtangulia.

"Hakumwacha," akasema kwa Kiarabu. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia sauti. "Mwanangu hakumwacha. Alinipigia simu akiwa pale pale, analia, akaniambia, baba, nimemgonga mtu, anapumua, nifanye nini. Mimi nilitaharuki. Nikamwambia, mtu gani? Akaniambia, Mwafrika, simjui. Nikamwambia, njoo nyumbani. Njoo nyumbani kwanza, tutajua la kufanya. Akaniambia, baba, anapumua. Nikamwambia, njoo. Mahakamani mtoto hakunitaja. Nami nikanyamaza."

Badr na wale wazee, naamini, walikuwa wakilisikia pamoja nasi kwa mara ya kwanza. Mmoja wa wazee aliweka mkono juu ya mdomo. Hakuna aliyemtazama Khattab.

Badr ndiye aliyepata akili kwanza, na nakiri alizipata haraka. "Ya Hamdan," akasema kwa sauti ya chini, "hili usilifasiri. Mwambie baba anaomba radhi, anaungulika. Binti amekwisha kulainika. Ukimwambia hili, mtoto hatoki, na baba yake ataingia, na aliyekufa hafufuki. Suluhu ina ruhusa yake. Wewe unaijua kuliko sisi."

"Amesema nini?" Nyambura akauliza.

Sasa mimi nataka kusema kweli juu ya saa ile. Nilimtaka Hamdan anyamaze. Nilimfikiria yule mtoto, aliyelipa kosa la baba kwa kinywa kilichofungwa, na nikaona Badr ana haki, na ruhusa ipo, na hakuna atakayeumia. Ningekuwa mimi, ningesema baba anaungulika. Lisingekuwa hata uongo. Nilimwona shemeji akilisugua goti lake, akilisugua, na kwa mara ya kwanza nikajua kuwa uchovu wake haukuwa wa umri.

"Amesema nini, mzee?"

"Badr ananiambia nisikufasirie," Hamdan akamjibu kwa Kiswahili. "Lakini amesema hivi." Akamwambia. Simu, kilio, mtu gani, Mwafrika simjui, njoo nyumbani, anapumua, njoo. Alilisema na lile la Mwafrika, ambalo kila mmoja wetu angelimeza. Alilisema hata la kunyamaza mahakamani. Alipomaliza hakuongeza neno la kumpoza mtu yeyote.

Nyambura akainuka, akaenda jikoni. Tukasikia bomba likifunguliwa, maji yakimwagika muda mrefu, na Maureen akimnong'oneza kitu. Khattab alikaa mikono juu ya mapaja, mtu anayesubiri kupigwa. Nilimwonea huruma na nilimchukia, vyote kwa pamoja.

Aliporudi uso ulikuwa na maji na haukuwa na machozi. Hakukaa.

"Huyo kijana ana miaka ngapi?"

"Ishirini na mmoja," Hamdan akamwambia.

"Sammy angegonga mtu, angenipigia mimi," akasema. "Angelia vilevile. Alikuwa mwoga wa damu, hata kuku hakuwa anachinja. Na mimi ningemwambia, kaa hapo hapo, mshike huyo mtu mkono, nakuja. Ama nadhani ningemwambia hivyo. Nimejiuliza hapo jikoni na nadhani ningemwambia hivyo." Akapangusa uso kwa mkono wa sare. "Huyo kijana aliuliza mtu mkubwa, na mtu mkubwa akamjibu vibaya. Huyo nimemsamehe. Kugonga na kuacha, yote. Mama amesema nikisamehe amesamehe. Mtaniambia ni wapi naenda kusema, nitaenda, nitasema."

Wazee wakainua vichwa. Neno "nimemsamehe" lilikuwa limejulikana hata kabla ya kufasiriwa, kwa sauti tu.

"Sijamaliza," Nyambura akasema. "Huyu baba, hapana. Sijamsamehe. Sio leo, na sijui kama kuna siku. Polisi sitaenda kumsema, hiyo ni kazi yake yeye mwenyewe na Mungu wake. Lakini msamaha wangu hana. Mwambie hivyo, mzee, na usipunguze."

Hamdan akamwambia Khattab. Hakupunguza. Alimtazama usoni akisema, jambo ambalo katika vikao vyote nilivyofuatana naye hakuwahi kulifanya. Khattab akaitikia kwa kichwa mara mbili, kama anayekubali bei.

"Alhamdulillah," akasema Badr kwa sauti ya kujaza chumba, akachukua kikombe. Wale wazee nao wakachukua vyao. Haja ilikuwa imepokelewa, mtoto anatoka, na wao wakainywa chai baridi yenye utando kwa haraka, wakimshukuru binti kwa Kiarabu, wakimwombea baraka, wakimwita mwenye asili njema. Wala hakuna aliyemfasiria. Nyambura aliwatazama wakinywa, kisha akaanza kukusanya sahani za mandazi ambayo hayakuguswa.

Shemeji alikuwa wa mwisho kuinuka kwa sababu ya goti. Nyambura ndiye aliyempa mkono akasimama. "Pole, mzee," akamwambia. "Umechoka." Hamdan akasema ndiyo, amechoka. 

Chini, Badr alikuwa amewasha gari na kuwaita wenzake. Khattab hakuingia. Alikuja kwenye gari letu, akaomba tumchukue, akakaa nyuma. Nikaingia barabara kuu, magari yamejaa wakati ule watu wakitoka kazini, tukaenda kwa kusimama na kuondoka.  Nilimsikia Khattab akipumua nyuma yangu.

"Ya Hamdan," akaanza. "Watu wanasema wewe hulainisha maneno. Wanasema ndiyo maana watu husameheana ukiwapo."

"Ndiyo," shemeji akasema. "Nimekuwa nikifanya hivyo."

"Basi leo, pengine ulikaza. Alikuwa amekukasirikia kwa kupunguza, basi pengine ukazidisha. Pengine alisema laini zaidi. Pengine alisema bado, akimaanisha baadaye. Si watu husema hivyo?"

Hamdan hakugeuka. Alikuwa akiitazama barabara ambayo nusu yake haioni. Nilijua kwamba neno moja lingetosha, na kwamba analo, na kwamba hakuna mtu duniani ambaye lingemdhuru. Msichana asingejua kamwe.

"Alisema hivyo hivyo nilivyokwambia," akasema.

 Taa ikawa nyekundu, nikasimama. Kisha nikahisi mkono wa Khattab juu ya bega la kiti changu, na akaniita mimi, ambaye jioni nzima hakuna aliyenisemesha.

"Na wewe unajua Kiswahili," akasema. "Ulikuwapo. Wewe ulisikiaje?"

Nilimtazama katika kioo. Alikuwa na macho ya mtu anayeomba maji, na mimi si mjumbe wa mtu, sina shehe aliyenifundisha kitu, sina sifa ya kweli wala ya uongo. Shemeji hakunitazama. Taa ikageuka kijani, gari za nyuma zikaanza kupiga honi.

"Nimesikia hivyo hivyo, baba," nikamwambia, nikaondoa gari.